Kimdomo

Bibi alisikia habari za kuhamishwa kwake kwa macho. Alikuwa ameketi kitini karibu na mlango, sinia la maharage mapajani, akitoa mawe na kutupa mabovu. Upande wa pili wa chumba, mwanawe na mkaza mwanawe walisimama kando ya jiko wakinong'ona.

"Baada ya ile sherehe ya mtaa nitampeleka kwa dada," mwanawe alisema. "Dada ana nafasi, ana uwanja, hakuna malori."

"Na nani atamwambia?"

"Nitamwambia siku yenyewe. Akijua mapema atakonda bure."

Bibi akaokota jiwe, akalitupa nje. Hakuinua uso. Watu husema ukuta una masikio. Wale wawili walikuwa na kitu kibaya kuliko ukuta, walikuwa na mama mwenye macho.

Masikio yake yalikufa polepole, enzi za kiwanda cha nguo. Katika jumba la kufumia, mashine zilipowashwa asubuhi, mtu hakuweza kusikia hata sauti yake mwenyewe. Wanawake waliofanya kazi humo walijifunza kusema kwa midomo, kwa nyusi na mabega, bila sauti, kutoka mashine moja hadi nyingine. Lugha hiyo waliiita Kimdomo. Walisengenya kwa Kimdomo, waligombana na kupatana kwa Kimdomo, walimtukana msimamizi kwa Kimdomo naye amesimama katikati yao akitabasamu. Kiwanda kilipofungwa wakatawanyika, kila mmoja na masikio yake mabovu na macho yanayosoma mdomo kama ubao wa darasani.

Watu wa nyumbani hawakulijua hilo, kwa sababu walipotaka kusema na Bibi walipiga kelele. Mdomo unaopiga kelele hupanuka kama wa kiboko, na maneno yote hupotea ndani yake. Mwanawe akisema "MAMA, UNATAKA CHAI?" Bibi alichoona ni meno na kimio. Basi hujibu kwa kubahatisha: "Ndiyo, amepona." Nao hutazamana kwa huruma. Lakini wakigeukiana kunong'ona, midomo yao ilitulia, na kila neno likatoka safi kama sahani iliyooshwa.

Mwanzoni alitaka kuwaambia. Kisha akaona kuna raha yake. Mtu akijua unamsikia, hukupa maneno yaliyochujwa. Yeye alikuwa akipata chai pamoja na majani yake.

Siku hiyo ndipo majani yalipomkwama kooni.

Mwanawe aliitwa Fundi na mtaa mzima. Alitengeneza friji, na alikuwa mwana mwema. Hilo Bibi asingelikana hata kwa fimbo. Wiki ile tu lori la kiwanda cha chupa lilikuwa limempigia mama yake honi katikati ya barabara, na yeye akaendelea kutembea taratibu kama bibi harusi, mpaka dereva akafunga breki kwa kishindo na kushuka akitukana. Fundi alikuwa ameliona lile tukio kutoka mlangoni pa karakana. Tangu hapo hakulala vizuri.

Mkaza mwana naye alikuwa na lake. Alifanya kazi katika kiwanda hicho cha chupa, kwenye mstari wa ukaguzi, na kila akirudi kutoka zamu masikio yanamlia. Jambo lililomwuma lilikuwa dirisha. Kila asubuhi Bibi alifungua dirisha la chumba chake, na ng'ambo ya barabara, ghorofani, mwanamke mwingine mzee akafungua la kwake. Basi wazee hao wawili wakaanza kuchezesha midomo, wakitikisa vichwa, wakikunja nyusi, bila sauti hata ya mbu. Vijana wa dukani chini walikuwa wakiwaigiza. Mmoja alifumba na kufumbua mdomo kama samaki, mwenzake akajibu vivyo hivyo, na wateja wakashika mbavu.

"Shemeji," muuza duka alimwuliza mkaza mwana siku moja, akimrudishia chenji iliyokuwa ya Bibi, kana kwamba Bibi, aliyesimama hapo hapo, ni mtoto wa chekechea, "mama mkwe wako anatafuna nini kila asubuhi? Upepo?"

Mkaza mwana alicheka ili yaishe. Alipofika nyumbani akaingia bafuni, akafungua bomba, akalia kidogo.

Yule wa ng'ambo aliitwa Bi Kicheko. Mashine yake na ya Bibi zilikuwa zimetazamana tangu wakiwa wasichana. Asubuhi iliyofuata, Bibi hakungoja salamu.

"Wananihamisha," alisema kwa Kimdomo, juu ya malori yaliyokuwa yakipita na kreti za chupa.

"Wapi?"

"Kwa binti yangu."

"Umekubali?"

"Sijaulizwa."

Bi Kicheko, ambaye hakuitwa hivyo bure, kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha. Akasema, "Basi waambie hutaki."

"Nikiwaambia watajua nimekuwa nikiwasikiliza miaka yote."

"Na wakijua?"

"Wataona aibu. Mwanangu akiona aibu huacha kula."

"Afadhali yeye aache kula siku moja," Bi Kicheko alisema, "kuliko wewe ukae kule uwanjani ukizungumza na kuku."

Bibi akacheka, kisha uso ukamshuka. Lilikuwa hilo hilo. Binti yake alimpenda, angemlisha na kumvisha, lakini angempigia kelele kutwa kucha kwa upendo, na pasingekuwa na mtu hata mmoja wa kusema naye. Wafumaji waliobaki mjini walihesabika, na wote walikuwa hapa, katika mitaa hii iliyozunguka kiwanda kilichokufa.

Sherehe yenyewe ilikuwa wazo la Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, mwanamke mnene mwenye viatu vya raba na haraka ya kudumu. Jumba la kufumia lilikuwa limepata mwenye mali mpya, aliyetaka kulifanya ghala. Mwalimu alimfuata ofisini mpaka akachoka, akatoa ruhusa: siku moja, watu wa mtaa wakutane pale, kila nyumba isimulie ilichokumbuka, kabla ya milango kubadilishwa. Mwalimu akapita nyumba kwa nyumba akiomba wasemaji.

Alipofika kwa Fundi alimkuta Bibi mlangoni. Akainama, akapaza sauti iliyozoea kusikika hadi nyuma ya uwanja wa michezo. "BIBI YETU! HUJAMBO?"

"Bado hayajaiva," Bibi alijibu kwa adabu, akidhani ameulizwa habari za maharage.

Mwalimu akampigapiga begani na kumgeukia Fundi. "Nilitumaini Bibi angesema. Si alikuwa mfumaji?"

Fundi akashusha sauti, akageuza uso kidogo, ila hakuugeuza vya kutosha. "Mama hasikii kitu, Mwalimu. Na siku hizi... hata akili haimkai vizuri. Nitasema mimi. Nitawasimulia habari za baba na ule moto."

Habari ya kuhamishwa ilikuwa imemkwama Bibi kooni, lakini hii ilishuka na kukata. Akainuka, akaingia chumbani, akaketi kitandani akitazama mikono yake. Akili haimkai! Yeye, aliyeijua siri ya kila nyumba barabara nzima!

Siku zilizofuata Fundi alifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha ukumbini, na Bibi akaisoma yote kwenye kioo. Kila mtu mtaani aliijua habari hiyo, kwa kuwa marehemu mumewe aliisimulia mpaka siku za mwisho: namna moto ulivyozuka kwenye pamba, namna alivyokuwa wa kwanza kuuona, namna alivyoita watu wote watoke, namna alivyouzima karibu peke yake, hadi kampuni ikamzawadia saa ya ukutani. Fundi aliposema "wa kwanza kuuona," aliinua kidole kama baba yake.

Bibi alimtazama kwa kioo, akakaza midomo isicheze. Mumewe alikuwa mtu mzuri sana. Lakini wa kwanza kuuona!

Siku ilipofika jumba lilijaa. Watu walikuja na viti vyao, na watoto, na picha za ukutani wamezikumbatia. Paa refu la vioo lilikuwa limeoshwa, na jua lilishuka juu ya sakafu ya saruji ambapo mashine zilikuwa zimesimama safu kwa safu. Mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa kantini alisimulia namna alivyowapikia watu wa zamu tatu na bado akafukuzwa kwa kuongeza chumvi. Dereva wa zamani alisema alikuwa akipeleka vitambaa mjini na kurudi na barua za mapenzi za wasichana wa kiwandani, na kwamba wengine kati ya wanaume walioketi hapa na vitambi vyao ndio walioziandika. Watu wakaangua kicheko, waume wakatazamwa na wake zao.

Ndipo Fundi akapanda jukwaani. Alivaa koti. Kipaza sauti kilipiga mluzi, akakishusha kifuani, na kwa kufanya hivyo akaufunua mdomo wake wazi mbele ya kila mtu aliyejua kusoma.

Alianza vizuri. Alisema juu ya baba yake aliyebeba marobota ya pamba ghalani, mgongo wake na jasho lake. Jumba likatulia. "Siku ya moto," Fundi akasema, akainua kidole, "baba yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona. Wengine wote walikuwa hawana habari. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa macho."

Upande wa pili wa jumba Bi Kicheko alimtazama Bibi. Hakutoa sauti. Alisema tu kwa midomo: "Macho? Yule aliyekuwa akikoroma juu ya marobota?"

Bibi alijizuia. Mungu ni shahidi alijizuia. Akauma kitambaa cha kichwani. Bi Kicheko akaongeza: "Labda alikuwa akikoroma macho wazi, kama samaki."

Kicheko kikampasuka. Mtu asiyesikia hajui kicheko chake ni kikubwa kiasi gani, na cha Bibi kilikuwa kicheko cha jumba la kufumia, kilichokomazwa kushindana na mashine. Kiligonga paa na kurudi. Watu wakageuka. Fundi akanyamaza, kidole bado hewani, uso wake ukabadilika rangi. Kina mama wawili waliokuwa nyuma ya Bibi wakasikitika kwa ulimi: ts, ts, maskini.

Mkaza mwana akainuka haraka na kupenya kati ya viti. Kutoka jukwaani Fundi alimfuata kwa macho, akanong'ona, karibu bila sauti: "Mtoe nje. Tafadhali, mtoe."

"Nilikwambia tumwache nyumbani," mkewe akamjibu hivyo hivyo.

Bibi akasimama. Akajifuta machozi ya kicheko, na sauti yake ikatoka kavu, kubwa kuliko alivyokusudia. "Mniache nyumbani na nani?"

Mkaza mwana akaganda, mkono umenyooka.

"Mngeniacha na nani?" Bibi akarudia. "Au ndiyo nimeshafika kwa binti yangu, hakuna malori?"

Jumba zima halikuelewa, lakini wawili walielewa, na hao wawili wakawa kama waliomwagiwa maji. Fundi alikuwa mbali, kwenye jukwaa. Mama yake hakusikia honi ya lori lililokuwa mgongoni mwake, sasa amesikiaje mnong'ono? Akakiweka kipaza sauti chini, na kwa midomo mitupu, bila hata pumzi, akauliza: "Mama, unanisikia?"

"Nakusikia tangu ulipovunja kikombe cha baba yako ukasema ni paka," Bibi akajibu. "Na paka hatukuwa naye."

Kicheko kilizuka jumba zima. Mwalimu alikuwa amekwisha kufika kwa viatu vyake vya raba. Akafungua mdomo kupiga kelele, akasita, akaufunga, kisha akasema polepole kwa sauti ya chini: "Bibi, nikisema hivi unanielewa?"

"Hivyo nakuelewa. Ukipiga kelele naona meno tu. Ni mazuri, lakini hayasemi kitu."

Mwalimu alicheka mpaka akashika kiti. Kabla hajapumua, Bi Kicheko alikuwa ameinuka kule alikokuwa. Akaanza kusema kwa Kimdomo, uso mzima ukicheza, mabega yakipanda na kushuka. Bibi akamjibu. Karibu na dirisha akainuka mwanamke mwingine, mwenye fimbo, akaingiza neno. Kisha wa nne, kisha mmoja aliyeletwa na mjukuu wake kwenye kiti cha magurudumu, mtu ambaye familia yake iliapa hajasema na mtu tangu mwaka jana; huyo ndiye aliyesema kwa kasi kuliko wote. Jumba likawa kimya kabisa. Watu mia na zaidi wakageuza shingo huku na huku, wakitazama vikongwe wakigombana, wakicheka, wakipangusa macho, na hakuna sauti.

Vijana wa dukani walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja wao akasema kwa mshangao, "Kumbe ni lugha!"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mwalimu akanong'ona, kisha akapaza sauti kwa wote: "Jamani, tufasirieni! Mnatunyima uhondo!"

"Wanabishana juu ya moto," Bibi alisema. "Kila mmoja anataka mimi niusimulie, halafu kila mmoja ananisahihisha kabla sijaanza."

Fundi akashuka jukwaani. Alichukua kiti chake mwenyewe, akakipandisha juu, akarudi kumshika mama yake mkono. Alipomketisha alikaa chini, kwenye ukingo wa jukwaa, koti limemkaa vibaya, akingoja kuvuliwa nguo mbele ya mtaa.

"Wa kwanza kuuona moto ni huyu," Bibi akasema, akimwonyesha yule wa kiti cha magurudumu. "Mashine yake ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na chumba cha pamba. King'ora hakikulia, na hata kingelia nani angekisikia? Basi aligeuka, akamwambia mwenzake maneno matatu: Moto. Tokeni. Msikimbie. Mwenzake akayapeleka safu ya mbele, na ya mbele kwa ya mbele. Yalinifikia kabla sijanusa moshi. Tukazima mashine, tukatoka tukitembea, wanawake wote, kama watu wanaotoka kazini. Meneja alikuwa uwanjani. Akadhani tumegoma! Akatukemea turudi ndani, akatwambia mishahara yetu itakatwa. Anatukemea hivyo, na moshi unapanda nyuma ya kichwa chake."

Watu walipiga makofi na kupiga miguu chini. Yule wa kiti cha magurudumu akainua mkono kama malkia.

"Na baba?" Fundi aliuliza. Alisahau kumtazama mama yake, akaiuliza sakafu. Mkewe akamgusa bega, naye akainua uso, akauliza tena.

Bibi akamgeukia. "Tulipokuwa uwanjani nikakumbuka kuna kijana wa marobota ambaye wakati wake wa chakula hulala juu ya pamba. Nikamwambia Kicheko. Tukarudi."

"Ulijuaje kuwa hulala hapo?" Mwalimu akauliza.

Bibi, mwenye mvi kichwa kizima, akavuta kitambaa usoni. Bi Kicheko akajibu kwa sauti yake nzito kutoka chini: "Si alikuwa akipita kila siku kumtazama! Njia ya kwenda chooni ilikuwa upande mwingine kabisa!"

Ilichukua muda watu kutulia.

"Tulimshika mguu mmoja mmoja, tukamburura," Bibi akaendelea. "Alifumbua macho mlangoni, akaniona, moshi umenizunguka. Akaniuliza, 'Wewe ni malaika?' Nikamwambia, 'Malaika gani, mpumbavu wewe, moto!' Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa mume wangu."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yalitikisika, na mkewe akadhani analia, mpaka alipoona kuwa anacheka, anacheka kama mtoto aliyetekenywa, hana namna ya kujizuia.

"Ngojeni, sijamaliza." Bibi aliinua mkono. "Mwanangu hakuwadanganya. Baba yake alipoamka, alikimbilia pampu ya maji. Wenzake walisimama mbali, yeye akaingia na mpira wa maji mpaka ngozi ya mikono ikavimba. Moto aliuzima kweli. Alichoacha kusema ni kwamba alianza kuuzima akiwa bado na usingizi. Kampuni ikampa saa, sisi wanawake tukapewa sabuni, kipande kwa kila mtu. Alinijia nyumbani na ile saa, akaiweka mbele ya mama yangu, akasema, 'Hii ni ya binti yako, naomba nami niwe wake.' Sasa mtu kama huyo, akitaka kumwambia mwanawe kuwa alikuwa macho, wewe utambishia? Mimi sikumbishia. Nilimwachia."

Fundi aliinuka, akamkumbatia mama yake mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukasimama.

Baadaye hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Wale wanawake walishuka kwenye sakafu wakatafuta mahali pao, kwa alama za boliti zilizobaki kwenye saruji. Kila mmoja aliposimama alitazama mbele na nyuma, akamwona jirani yake. Wengine walitazama nafasi tupu, wakataja jina kwa midomo, wakanyamaza. Kisha Bi Kicheko akasema vijana nao waingie. Wakawapanga safu kwa safu, wakampa wa kwanza ujumbe kwa Kimdomo aupeleke hadi mwisho. Ujumbe ulikuwa "Mwalimu anaomba chai." Ulipofika mwisho, yule kijana wa dukani aliutangaza kwa fahari: "Mwalimu anaoga kesho!" Mwalimu akaapa ataoga leo leo.

Jua lilikuwa bado halijazama waliporudi nyumbani. Fundi alivua koti, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mama yake, uso kwa uso. Bibi alimngoja, kama alivyomngoja zamani akijifunza kufunga viatu.

"Kila tulichonong'ona?" hatimaye Fundi akauliza, kwa sauti ya kawaida.

"Kila mlichonong'ona mkinielekea."

Mkaza mwana, aliyesimama kando ya jiko, alifunika uso kwa mikono. "Mama, na yale ya kukoroma?"

"Kukoroma gani? Nilidhani unamsema mumeo."

"Ni wewe, Mama. Unakoroma kama lori la chupa."

"Hilo," Bibi akasema, "sikulisikia kamwe." Wakacheka wote watatu, na cheko liliposhuka, pakabaki lile jambo katikati yao.

"Ulijua habari ya kwa dada," Fundi akasema. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja kuulizwa."

Fundi akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana. "Basi nakuuliza, Mama. Unataka kwenda?"

"Nataka kwenda kumtembelea. Nikae mpaka anichoke, halafu nirudi kwangu. Kule hakuna wa kusema naye, mwanangu. Hapa kuna dirisha."

"Na malori?"

"Malori nitayatazama, huku na huku, kama mtoto wa shule. Siku ile nilikuwa namsikiliza Kicheko, alikuwa ananisimulia kisa juu ya yule muuza duka. Kilikuwa kisa kizuri sana."

Fundi akaushika mkono wake, akaubusu, akasema ni sawa. Mkaza mwana alikuja akapiga magoti ubavuni mwa mwanamke ambaye alikuwa amemwonea aibu dukani, akataka kusema samahani. Bibi alimwona mdomo ukianza kutetemeka kwa lile neno, akamwekea kidole juu ya midomo. "Usinitafunie upepo," akasema. "Unataka nini hasa?"

"Nifundishe," akasema mkaza mwana. "Kule kwenye mstari tunavaa vizibo vya masikio kutwa nzima. Tunatazamana tu kama ng'ombe."

Masomo yalifanyika jioni, mezani, wakati wa kumenya viazi. Mkaza mwana alikuwa mzito mwanzoni. Alitoa macho badala ya kutumia nyusi, na mara moja akamwomba Bibi chumvi kwa namna iliyomfanya Bibi amwonye kuwa maneno kama hayo hayasemwi hata sokoni. Lakini aliyafanyia mazoezi kazini. Wenzake kwenye mstari walimwuliza ana ugonjwa gani wa mdomo. Akawafundisha maneno mawili, wakataka matano. Bi Kicheko akaanza kuja jioni na yeye, akidai mwenzake anafundisha lafudhi mbaya.

Miezi ilipita. Bibi alikwenda kwa binti yake, akachokwa kama alivyoahidi, akarudi na mtungi wa asali. Jioni moja mkaza mwana aliingia nyumbani kutoka zamu, hajavua hata viatu, macho yanang'aa. Fundi alikuwa sakafuni na injini ya friji, Bibi kitini pake.

"Leo," akasema akihema, "msimamizi mpya alisimama katikati yetu. Amekunja mikono. Mstari mzima, mwanzo hadi mwisho, unacheka, na yeye hajui unacheka nini. Akakagua chupa. Akakagua mashine. Akajikagua suruali!"

"Kwani mlikuwa mnasema nini?" Bibi akauliza.

Mkaza mwana akafungua mdomo, akamtupia mumewe jicho, akaufunga. Kisha akamgeukia Bibi, akalisema lote bila sauti, nyusi zikipanda, mabega yakicheza, polepole na safi, hakukosea hata neno. Bibi alijipiga paja. Kicheko chake kikubwa kilitoka hadi barabarani, na ng'ambo dirisha likafunguka, Bi Kicheko akachungulia, akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akaanguka juu ya kizingiti akicheka.

Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye injini, bisibisi mkononi, akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, akatazama dirishani.

"Nini?" akauliza. "Jamani, amesema nini?"